Kahawa imekuwa chachu tangu aje barista (mtengeneza kahawa) mpya, nimwambieje?

Wakuu, naomba ushauri. Kuna mgahawa wa kahawa mjini ninaoupenda sana: wahudumu wakarimu, kahawa inasagwa hapo hapo ukiona. Ila wiki mbili hizi, tangu aje barista mpya, kikombe changu kinatoka kichachu, chepesi, hakiachi utamu wowote mdomoni. Si ule uchachu mzuri wa matunda wa kahawa iliyokaangwa kidogo. Huo naujua na ndio ninaoufuata. Nahisi anasaga chengachenga mno, au maji hayafiki hata nyuzi 90, hivyo ladha haitoki yote. Nimrudishie kikombe mbele ya wateja, au nimnong'oneze mwenye mgahawa? Kijana ana bidii, sitaki afukuzwe. Mliowahi kufanya kazi hiyo, mngependa mteja awaambieje?