Puli nyepesi ya krenki: gari inafunguka au injini inakufa?

Mwanzisha mada
Wakuu, hili limetugombanisha gereji wiki nzima, bora lije hapa. Vijana wanang'oa puli ya krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) kwenye Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ, silinda sita, wanafunga ya alumini tupu, nyepesi, ya rangi. Wanasema gari "imefunguka", yaani inachanganya haraka. Mimi nasema wanaiua polepole.

Puli ya asili ina raba kati ya kitovu na duara la nje, na raba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mkanda. Kila silinda inapolipuka, krenki inajipinda kidogo na kurudi, kama springi. Silinda sita kwenye mizunguko 3000 kwa dakika ni milipuko 150 kila sekunde. Krenki ya sita za mstari mmoja ni ndefu, na kuna mwendo ambao milipuko inakutana na mtetemo wake wenyewe, kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Raba ndiyo inayokula mtikisiko huo na kuugeuza joto. Ukiitoa, nani anaubeba? Pampu ya oili ya 1JZ iko palepale mbele, na gia yake inazungushwa na krenki moja kwa moja, kwa hiyo mtikisiko unaishia humo.

Spana 14
Mkuu, ya alumini ninayo mwaka wa 3, injini haijafunguliwa hata gasketi. Na imepigwa balensi kwa mashine. Halafu kuna injini ndogo zinatoka kiwandani na puli ya chuma kitupu, mbona hazifi?

Mwanzisha mada
Balensi ni kitu kingine kabisa. Puli inaweza kuzunguka bila kuyumba hata chembe na krenki ikaendelea kujipinda. Hizo ndogo krenki yake ni fupi na ngumu, aliyeisanifu alilijua hilo. Na miaka 3 ya foleni ya Mbagala siyo kipimo.

Mzee wa Grande
Vijana, puli za asili za hizo gari sasa zina miaka 20 na zaidi. Raba inakauka, duara la nje linateleza. Yangu iliteleza, fundi akafunga taimingi belti (mkanda unaopanga muda wa valvu) kwa kufuata alama ya kwenye duara, kumbe imeshahama, gari ikakosa nguvu, tukabadilisha plagi na koili bure. Ukinunua ya mtumba unanunua raba ya umri uleule.

Spana 14
Basi shikamoo mzee. Lakini si kila isiyo ya Toyota ni alumini tupu. Kampuni za ATI na Fluidampr wanatengeneza zenye kizuia mtetemo ndani, ya Fluidampr ina silikoni nzito badala ya raba. Nazo mnazikataa?

Mwanzisha mada
Hizo sina ugomvi nazo. Yako ndiyo naikataa. Unachosikia ni uzito uliopungua, na unausikia ukikanyaga tu. Ukitulia kwenye mwendo mmoja hakuna kitu.

Spana 14
Ile ya zamani bado iko stoo.

Mzee wa Grande
Marahaba. Itazame raba kwanza, ikiwa na nyufa iache hukohuko. Ikiwa nzima, chora mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi duara la nje, endesha wiki moja, fungua boneti uone kama mstari umekatika.