Vishoka wa viapo, mnawakwamisha wazee wa watu! (cheti cha ndoa ya wazazi na I-130)

Wakuu, imetosha sasa. Mtu ana uraia wa Marekani, anamwombea baba yake ahamie huko kwa fomu ya I-130, wazazi hawana cheti cha ndoa. Kishoka anamuuzia kiapo cha mistari miwili, "nawafahamu, ni mume na mke," muhuri wa wakili juu. Miezi inapita, USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wanataka ushahidi zaidi, na muda wa kujibu hauzidi wiki 12 ukiacha siku chache za posta.

Halafu wapo wanaotozwa hela ya hicho kiapo wakati wanamwombea mama! Kwa mama, cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lako na lake ndicho kinachotakiwa. Ndoa inaulizwa kwa baba, na kwa ndugu mliochangia baba.

Kwa baba kuna ngazi, na hairukwi hata moja. Kwanza barua halisi ya msajili yenye nembo ya serikali: rekodi haipo, KWA NINI haipo, na kama rekodi za ndoa za eneo lile na miaka ile zinapatikana. Barua ya mtendaji wa kata haishiki nafasi hiyo. Na nyie makarani mnaofungua daftari, mnasema "hamna humu" na kulifunga, andikeni basi! Mtu ataambatisha maneno ya mdomo?

Pili, karatasi za zamani: daftari la parokia au msikiti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, fomu za kazini ambako mzee alimwandika mkewe. Zikikosekana hizo ndipo viapo, visivyopungua viwili, vya watu wasiohusika na ombi. Kila shahidi aandike jina kamili, anuani, tarehe na mahali alipozaliwa, undugu wake na ninyi, ndoa ilifungwa lini, wapi, mahari ilipokelewa na nani, na yeye amejuaje. Shahidi aliyezaliwa 1985 anaapa aliona ndoa ya 1978! Nani atamwamini?

Linaloniuma zaidi ni kuwafungisha wazee ndoa upya bomani. Cheti kinatoka na tarehe ya mwaka huu, afisa anasoma kwamba ulizaliwa nje ya ndoa. Hapo unatafuta risiti za ada na fedha alizokutumia mzee, kuonyesha alikuwa baba kwako kabla hujatimiza miaka 21. Ndoa ya kimila ya 1978 ombeni isajiliwe kwa tarehe yake ya 1978. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua, na kutosajiliwa hakuibatilishi.

Kila karatasi ya Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, mtafsiri athibitishe kwa saini kwamba ni sahihi na lugha zote mbili anazimudu. Na jibu la USCIS litumwe lote kwa mkupuo mmoja. Ukituma nusu, wanaamua kwa hiyo nusu.