Tupeane uzoefu: kwenu kulipataje jina, na leo kukoje?

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mi mtoto wa Malindi, mtaa wa Shela, na sio ile Shela ya Amu, yani Lamu, sisi pia tunayo yetu. Babu yangu alikuwa mvuvi na yeye ndo alinambia habari ya jina la mji nikiwa na miaka minane hivi. Alisema lindi ni pale bahari inapozama kina, unashusha nanga kamba inaenda tu, na yakiwa mengi ndo malindi. Basi nikakua najua kwetu ni mji wa maji marefu.

Sasa njooni muone leo. Maji yakikupwa unatembea mchangani mpaka unachoka hujalowa hata unyayo. Babu alikuwa ananionyesha ukuta mmoja wa mawe, anasema hapa tulikuwa twafunga mashua, mi naangalia naona nyasi na mbuzi. Ni mto Sabaki huo. Mvua za masika zikianza unashuka na udongo wa mashamba ya bara, tangu huko Athi, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, maji yakitulia, udongo na mchanga vinabaki kwetu. Habari za Vasco da Gama kufika 1498 kila mtoto wa shule anazijua, anapelekwa mpaka kwenye mnara akauguse, lakini hii ya bahari kutukimbia sisikii mtu akiisema na kwa kweli inaniuma. Haya leteni za kwenu.

Wa Ngomeni:
Sisi jina liko wazi, ni penye ngome. Ila ukimtajia mzee wa kwetu Ngomeni atakwambia roketi. Waitaliano walisimamisha majukwaa yao baharini, 1967 wakarusha satelaiti toka hapo, wakaendelea mpaka 1988. Mamangu alikuwa kigoli, anasema walisimama ufuoni na nyanya yake wakaona moto unapanda mbinguni, nyanya akapiga shahada. Majukwaa bado yapo, miguu ndani ya maji, kutu tupu. Na Kitaliano kikabaki Malindi, ukienda sokoni muuza maembe anakihesabia bei bila kusita.

Watamu hapa:
Kwetu tuliambiwa ni watu watamu, basi. Kilichobadilika ni bahari kuwekewa mipaka, hifadhi yetu na ya Malindi zilianza 1968, baba akalazimika kwenda kuvua mbali. Samaki wamerudi wengi, hilo nakubali, lakini yeye alizeeka mapema kwa kule kuvuta makasia.

Mwamu:
Lamu ni ya kwenye ramani, sisi wenyewe twaita Amu. Mi nimelelewa Langoni, upande wa pili ni Mkomani, na ndia kuu, usita wa mui, yani mtaa wa mji, yapita pande zote mbili. Nikiwa mdogo ile ngome ya katikati ya mji ilikuwa jela, tulikuwa tukipita twanyamaza kama twapita msikitini, ilifungwa 1984 na yeo watu waingia kuona maonyesho na harusi zafanywa uani. Sauti ndo imebadilika zaidi. Zamani alfajiri ni adhana, punda, na makubadhi ya wazee kwenye mawe, sasa bodaboda zimeingia na vichochoro vyetu punda wawili tu hawapishani. Na upande wa bara kule bandari mpya, meli za kwanza zilitia nanga 2021, usiku taa zake zaonekana mbali. Vijana wapate kazi nataka sana, lakini wavuvi wa mikokoni wasisahauliwe.

Mwenye uzi:
Mwamu hapo kwenye sauti umenigusa. Wa Mambrui mko wapi, lile kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina tunataka habari zake toka kwa wenyewe.

Mi nimeongeza moja. Kamba ya nanga ya babu ninayo bado, ni pima 12. Jumapili bamvua, maji yametoka, nikaipeleka mpaka pale ukutani, nikaitandaza kuelekea baharini, ikaisha, nikaivuta nikaitandaza tena. Mara tisa ndo ncha ikagusa maji.