Mama kaungua kidole cha mguu na jiko hata hakusikia, ana kisukari na hospitali hataki. Nifanyeje?

Kijana wa Sae

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Naomba ushauri wa haraka maana usingizi sina.

Bi mkubwa wangu ana miaka 63, anaishi Isyonje huku juu, kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Anameza metifomini na glibenklamaidi, presha nayo ipo ila haisumbui sana. Mimi nafanya kazi Mbeya mjini, wikiendi ndo napanda kumuona. Sasa mnaijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, asubuhi unakuta sakitu kwenye majani ya viazi, kwa hiyo jioni bi mkubwa anavuta kigoda anaweka jiko la mkaa katikati ya miguu kabisa utadhani analipakata. Siku hiyo kakaa anamenya viazi, mjukuu ndo akamwambia "bibi soksi yako inatoa moshi". Kuangalia, soksi ya nailoni imeyeyuka imegandia kwenye kidole gumba. Yeye hajasikia kitu, na anaisimulia huku anacheka!!

Likatoka lengelenge, akalitoboa na pini, akapaka dawa ya meno. Mimi nimekuja kujua siku ya kumi na mbili, tena kwa huyo huyo mjukuu, maana bibi yake alimkataza asiseme. Jumamosi nimefika nikamvua soksi kwa ugomvi. Pembeni peupe, katikati panaanza weusi, na harufu ipo. Nikaazima mashine ya sukari kwa jirani, 17.8 na alikuwa hajala.

Nikamwambia twende hospitali akagoma. Kuna mama mmoja walikuwa wanalima pareto pamoja, alienda na kidonda kama hicho akarudi hana mguu, mwaka haukuisha tukazika. Basi kwa mama hospitali na msumeno ni kitu kimoja. Kaka yangu anasema kuna mzee ana dawa ya majani inakausha vidonda, dada yuko Dar kazi yake kupiga simu na kulia na kunilaumu mimi niliye karibu. Nimbebe kwa nguvu au nifanyeje?

Mama Pacha Iringa

Kamwene kaka, pole sana. Kwa nguvu usimbebe, mama yako si gunia. Ila pia usimuache. Hapo kuna mtu anaogopa, hujakuta mkaidi, na mwenye woga anaongeleshwa tofauti. Na huyo dada wa Dar mpe kazi, atume nauli, kulia atalia baadaye.

Mzalendo Halisi

Mwambie kuna kikao cha ukoo mjini, akishaingia kwenye gari mnanyooka hospitali. Mbona rahisi.

Mama Pacha Iringa

Halafu akishagundua? Huyo ana dawa za kumeza maisha yake yote, ukimdanganya leo kesho hata vidonge atadhani unamlisha sumu. Wazee hawasahau bhana.

Nesi Mstaafu

Mwanangu soma hii yote halafu ufunge simu upande gari.

Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, ile mirefu inatangulia ndo maana ganzi inaanzia vidoleni. Mishipa ya damu ya miguu nayo inakuwa myembamba, kwa hiyo kidonda hakiumi na pia hakipati damu ya kukiponya. Kwa hiyo hilo la kutosikia lisiwafariji, ndo ugonjwa wenyewe huo. Kidonda chenye weusi na harufu na sukari 17 hakisubiri wikiendi. Akianza homa au kutetemeka, au mguu ukavimba na wekundu ukapanda, au akatapika na kulegea, hapo ni usiku huo huo hata kwa bodaboda.

Kwa sasa achaneni na dawa ya meno. Asiloweke mguu kwenye maji moto ya chumvi, najua wengi mnafanya hivyo, ngozi inalainika na mwenyewe hajui kama maji yanamuunguza. Osha na maji safi ya uvuguvugu, upime wewe kwa kiwiko chako, funika na gozi safi, asikanyagie.

Swali langu moja: glibenklamaidi anakunywa akishakula au anameza halafu anakimbilia shamba?

Kijana wa Sae

Shikamoo mama. Kusema kweli anameza alfajiri na chai kavu anaenda shambani, chakula mpaka saa tano. Kuna siku alitoka jasho na kutetemeka akakaa chini kwenye matuta, wakampa soda akaamka. Akasema ni uzee.

Nesi Mstaafu

Marahaba. Si uzee huo, sukari ilishuka. Hicho kidonge kinashusha sukari uwe umekula hujakula, na kwa mtu mzima wa umri wake kinaweza kumuangusha vibaya. Chini ya 4 ni hatari. Kamwambie daktari hiyo habari ya soda, usiisahau kwa sababu ya kidonda, huenda wakambadilishia. Msiiache wenyewe lakini. Na mfukoni atembee na glukosi au pipi, ila kama amezimia asimwagiwe kitu mdomoni, mtampalia.

Mti Mkavu

Mimi naona mnamtisha tu jamaa. Asali ya nyuki wadogo changanya na unga wa majani, wiki mbili kidonda kimefunga, hospitali watamkata tu wale.

Nesi Mstaafu

Asali sina ugomvi nayo, hata wahudumu wa vidonda wanayo ile iliyosafishwa. Lakini unaipaka juu ya nyama iliyokufa? Ule weusi lazima uondolewe kwanza, la sivyo juu panafunga na chini panaoza mpaka mfupani. Nimeona hiyo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Halafu kukata: hakuna anayemkata mtu mwenye akili zake timamu bila yeye kukubali na kusaini. Mwambie mama hilo, mwambie kalamu anashika yeye.

Dereva wa Noah

Mkuu mimi nina cha kukusaidia. Mzee wangu yuko Uyole, miaka minne iliyopita alikanyaga msumari akiwa amevaa gambuti, msumari umepenya soli akalima nao siku nzima. Jioni anavua gambuti ndo anaona damu. Na yeye aligoma hivo hivo, sisi tukambembeleza wiki tatu nzima, tulifanya ujinga. Walikata kidole kimoja, kile cha pili. Saivi anatembea, anaenda ibadani kwa miguu, kila jioni anageuza nyayo na kioo cha kunyolea anakagua kama fundi anayeangalia tairi. Njoo PM nikuunganishe naye aongee na mama yako. Wazee wanasikilizana, sisi watoto wanatuona tumetumwa na daktari.

Binti Makambako

Gharama je? Kama hana bima, kwa miaka 63 ulizia utaratibu wa msamaha wa wazee, sera ipo kwa wa 60 kwenda juu wasio na uwezo, ila nenda na barua ya serikali ya kijiji usije ukazungushwa. Akitoka hapo mkatie bima ya afya kwa ajili ya kliniki za baadae.

Na jamani hilo jiko la mkaa kama linalala ndani na madirisha yamefungwa hilo nalo linaua, bila hata kisukari.

Kijana wa Sae

Wadau nimerudi na mrejesho, samahani nilikaa kimya siku tatu.

Yule mzee wa Uyole alipiga. Nikaweka spika. Wakasalimiana weee, wakaulizana viazi, bei ya mbolea, nani kafa, nikajua hapa hamna kitu. Mara mama akamuuliza kwa sauti ndogo sana, "Baba, walivyokata uliumia?" Mzee akamjibu, "Mama, kisu nilikisikia kama wewe ulivyolisikia jiko." Kimya. Halafu mama akacheka mpaka akajifuta machozi na khanga, akasema haya, ila ana masharti. Kuku wapelekwe kwa jirani, viazi vya mbegu viingizwe ndani, na karatasi yoyote asomewe neno kwa neno kabla hajaweka dole.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Wamemlaza. Wamesafisha kidonda, wakatoa ule weusi, wamempiga eksirei kuangalia mfupa. Daktari anasema mfupa bado haujaguswa ila kidole hajakiahidi, tutajua baada ya siku kadhaa. Kuna kipimo wamemfanyia cha kugusa nyayo na uzi wa nailoni huku kafumba macho, sehemu kumi kila mguu. Mguu huu akasikia tatu. Mimi niliyekuwa nimesimama pale ndo nikaelewa kwanini soksi iliwaka.

Glibenklamaidi wamesimamisha, wamemuanzishia sindano za insulini, na daktari anasema atatoka nayo. Dada katuma nauli (asante Mama Pacha). Kaka kanyamaza.

Swali sasa: nyumbani friji hamna. Insulini nitaitunzaje?

Nesi Mstaafu

Hongera mwanangu, na mama pole yake. Kichupa ambacho hujafungua kinataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, hicho kiache duka la dawa au kwa mtu mwenye friji mjini, uwe unampandishia kimoja kimoja. Kilichofunguliwa kinakaa nje ya friji kama wiki nne mradi kusiwe na joto kali, andika tarehe uliyofungua kwenye plasta ubandike. Wa Kyela kwenye joto ndo wangehangaika kuipoza na mtungi na mchanga wenye maji. Kwa Isyonje tatizo lako ni kuganda, na ikishaganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Izungushie kitambaa, iweke kabatini ukuta wa ndani, isilale dirishani.

Dereva wa Noah

Na asiipashe jikoni.

Kijana wa Sae

😂 Nimemsomea hiyo hapa wodini. Anasema mwambie jiko nimegawa.