MJADALA: Chuo cha faida kinapoelekea kufungwa, wanafunzi na wafanyakazi waambiwe lini?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili bila jazba. Chuo kinachoendeshwa kwa faida kimeanza kuyumba. Wenye mali wanatafuta mnunuzi kimyakimya, bodi ya ithibati, ile inayothibitisha ubora wa chuo, imeshatoa onyo, na malipo kutoka serikalini yanachelewa. Walimu na wanafunzi wanaokota fununu koridoni. Je, sheria iulazimishe uongozi kusema ukweli hapo hapo, au uruhusiwe kunyamaza mpaka mbivu na mbichi zijulikane?

Msimamo wangu: useme, tena kwa maandishi, hata kama kusema huko ndiko kutakakokimaliza chuo.

Nitachukua mifano ya Marekani kwa sababu ndiko vyuo vya namna hii vilikokua vikawa makampuni makubwa, vikaanguka mchana kweupe. Corinthian Colleges ilikuwa na kampasi zaidi ya 100. Juni 2014 Wizara ya Elimu ikaanza kuichelewesha fedha za wanafunzi kwa siku 21, kwa sababu haikuwa imewasilisha taarifa ilizotakiwa kuhusu ajira za wahitimu na mahudhurio. Siku 21 tu, na kampuni ikasema haitaweza kujiendesha. Hebu fikirini: kampasi zaidi ya 100, akiba ya wiki tatu hakuna! Kampasi zaidi ya 50 zikapata mnunuzi, taasisi isiyo ya faida. Zilizobaki ziliendelea kufundisha hadi Aprili 2015. Tangazo lilitoka Jumapili ya tarehe 26, na Jumatatu wanafunzi wapatao 16,000 hawakuwa na chuo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya ITT Technical Institute. Mwishoni mwa Agosti 2016 wizara iliizuia kudahili wanafunzi wapya wanaotegemea mikopo na ruzuku za serikali. Tarehe 6 Septemba ikafunga zaidi ya kampasi 130 kwa mkupuo, na wafanyakazi zaidi ya 8,000 wakapoteza ajira.

Kwa nini vinaanguka haraka hivyo? Angalieni pesa inatoka wapi. Sheria ya kule inakiruhusu chuo cha faida kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka serikali kuu. Biashara ya hivyo ina mteja mmoja tu, na mteja huyo akifunga pochi kwa mwezi mmoja, hakuna chuo. Anayekaa ofisi ya fedha analijua hilo, ila anayelipa ada haambiwi.

Nimewahi kufanya kazi ofisi ya usajili ya chuo kama hicho, jina naliacha. Dalili tuliziona kabla ya tangazo lolote. Mshahara uliokuwa unaingia asubuhi ukaanza kuingia usiku, kisha kesho yake. Muuzaji wa glovu na sindano za maabara akakataa kuleta mzigo kwa mkopo. Mkuu wa idara akiondoka, nafasi inashikwa na kaimu, na kaimu naye akiondoka anapatikana kaimu mwingine. Idara moja tu ndiyo iliyokuwa inaongezewa watu, nayo ni udahili. Simu hazikukatika pale: "Njoo ujisajili, nafasi zinajaa." Mimi ndiye niliyekuwa nawafungulia majalada hao wapya.

Kwa hiyo nauliza: yule aliyesajiliwa wiki ya mwisho, nani alikuwa na haki ya kumficha?

Mhadhiri wa jioni

Mleta mada, hoja yako inaingia akilini haraka, na ndiyo maana naiogopa.

Mimi nimefundisha chuo kilichopona. Ndiyo, vipo, ila havitangazwi, kwa kuwa chuo kisichofungwa si habari. Tulikaa karibu mwaka mzima bila kujua mwisho wetu. Mnunuzi akapatikana, na darasa langu la mwaka wa mwisho likamaliza. Sasa chukulia uongozi ungetangaza mwezi wa kwanza kwamba "tuna hatari ya kufunga". Wa kwanza kuondoka angekuwa mwalimu anayegombaniwa kila mahali, yule wa vitendo, mwenye leseni yake. Nafasi yake isipojazwa, masharti ya ithibati yanavunjika, na ithibati ikienda, fedha za serikali zinaenda nayo. Mnunuzi naye anaondoka, maana alikuwa anataka chuo chenye wanafunzi, si majengo matupu. Ulichotabiri kinatokea kwa sababu ulikitabiri.

Hata watunga sheria waliliona hili. Kule Marekani mwajiri mkubwa anatakiwa kuwapa wafanyakazi notisi ya siku 60 kabla ya kufunga. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu kufupisha notisi ikiwa alikuwa anatafuta mtaji kwa dhati na aliamini kwamba kutangaza kungemkosesha mtaji huo. Kwa hiyo ukimya huu unaoulaani, sheria imeupa nafasi, na sababu ipo.

Mwanafunzi wa uuguzi

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hiyo sababu ni ya mwenye mtaji. Mimi nieleze ya huku darasani.

Mnazungumza kana kwamba tukiambiwa tutakimbia wote. Hesabu yetu ni ngumu kuliko hapo. Chini ya utaratibu wa mikopo ya serikali kuu ya Marekani, chuo kikifungwa ukiwa bado umesajiliwa, unaweza kufutiwa mkopo wote uliouchukua kwa masomo ya pale. Ukiwa umeondoka kabla, unafutiwa tu kama uliondoka ndani ya siku 180 kabla ya kufungwa, kwa mikopo iliyotolewa kuanzia Julai 2020. Kwa mikopo ya zamani zaidi ni siku 120. Maana yake, aliyeshtuka mapema akaondoka siku 200 kabla ya kufungwa anabaki na deni, na aliyebaki kwa kutojua anasamehewa. Sasa nani ataondoka kwa amani?

Kuna na la pili. Ukichukua krediti zako, yaani hesabu ya masomo uliyokwisha kufaulu, ukazihamishia chuo kingine, ukamalizia kozi ileile kule, msamaha unaupoteza. Kwa hiyo unachagua: ubaki na masomo uliyosoma pamoja na deni lake, au ufutiwe deni na miaka yako ifutike nayo. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji muda wa kukaa na karatasi na kuuliza. Ukisubiri tangazo la Jumapili usiku unaamua ukiwa umechanganyikiwa, na Jumatatu kuna watu wa vyuo vingine vya faida wamesimama getini na fomu mkononi.

Halafu hizo krediti zenyewe. Vyuo vikuu vingi vya kule vinazikataa krediti za vyuo vya faida kwa sababu ithibati zao zinatoka bodi tofauti. Mwanafunzi hulijua hilo siku anapojaribu kuhama. Nalo liandikwe kwenye fomu ya udahili, herufi kubwa.

Mkopo wa benki binafsi sijaugusa. Huo msamaha wa serikali haufiki kwake kabisa.

Mpita njia

Mbona mnawaandama wa faida tu? University of the Arts ya Philadelphia haikuwa ya faida. Ilitangaza tarehe 31 Mei 2024 na kufunga tarehe 7 Juni. Wiki moja. Chuo chenye historia ya zaidi ya miaka mia.

Mleta mada

Mpita njia, sawa, na sheria ninayoitaka iwabane wote. Tofauti ni kwamba kwenye chuo cha faida yupo mtu anayepata gawio katika miezi ile ya ukimya. Kila muhula unaoongezwa ni ada nyingine. Asiye na faida anaweza kuficha kwa aibu au kwa kukosa uongozi. Huyu mwingine ana sababu ya kuficha iliyo kwenye akaunti yake.

Mtu wa hesabu

Naingia upande wa anayelipa, maana nyote mmemsahau.

Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilifuta mikopo ya dola bilioni 5.8 ya waliosoma Corinthian, watu wapatao 560,000. Mwaka huo huo ikafuta bilioni 3.9 za waliosoma ITT, watu 208,000. Msingi wa misamaha hiyo ulikuwa hasa udanganyifu wa vyuo, si kufungwa peke yake, lakini swali langu ni lilelile: nani amelipa? Kampuni zilishafilisika. Amelipa mlipakodi. Ukimya uliendelea, pesa za umma zikaendelea kuingia, na mwisho wa siku umma ukalipa tena kufuta mikopo ileile.

Lakini mhadhiri, nawe usijione uko upande wa wanyonge moja kwa moja. Kesi ya Argosy University mnaikumbuka? Januari 2019 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Ikabainika kwamba takribani dola milioni 13, fedha za kujikimu ambazo wanafunzi walistahili kupewa baada ya ada kukatwa, zilitumika kwa mambo mengine, mishahara ikiwemo. Wanafunzi wakakosa kodi ya nyumba wakati walimu wamelipwa kwa hela yao. Wizara ikakata fedha mwishoni mwa Februari, na tarehe 8 Machi kampasi zikafungwa. Walimu wale hawakuiba, wala hawakujua. Ila hicho ndicho ukimya unachozaa: walimu na wanafunzi wanafanywa kuwa akiba ya kampuni, kila mmoja kwa zamu.

Dawa yangu ni ya kihasibu tu. Chuo kiweke dhamana ya benki mapema, yaani benki iahidi kulipa chuo kikishindwa, kikiwa bado kizima. Kikishaugua hakuna benki itakayokipa. ITT iliambiwa iongeze dhamana wakati tayari iko taabani, na hilo likawa sehemu ya kilichoimaliza.

Mhadhiri wa jioni

Mtu wa hesabu, kuhusu Argosy sina la kutetea. Lakini angalia, mfano huo unaonyesha pesa zilizofichwa zilipaswa kukaguliwa. Hauonyeshi kwamba ofisa uhusiano alipaswa kuita mkutano wa wanafunzi wote. Mkaguzi ajue, wizara ijue, bodi ya ithibati ijue. Hao wana meno. Ukimpa mwanafunzi wa muhula wa pili neno "hatari" bila kitu kingine, umempa wasiwasi, hujampa taarifa.

Na mnipe jibu moja: mkishatangaza, nani atabaki kufundisha? Binti wa uuguzi amesema anahitaji muda. Muda huo ni vipindi, na vipindi vinahitaji mwalimu aliyeamua kutoondoka.

Mleta mada

Swali zuri, nami nina jibu: mlipe abaki. Ile dhamana ya mtu wa hesabu itengwe mafungu mawili. Moja ni la kuwamalizia masomo waliopo, la pili ni malipo ya mwalimu atakayekaa hadi siku ya mwisho, yaani mshahara wake na likizo alizolimbikiza. Mimi nimeona wenzangu wakiacha siku zao za likizo zikienda na maji kwa sababu mwisho wa foleni ya wadai hapakuwa na kitu.

Na kuhusu mkaguzi kujua huku mwanafunzi hajui, hapo hatutaelewana, mwalimu. Utafiti uliotolewa 2022 kwa takwimu za National Student Clearinghouse, shirika la Marekani linalotunza kumbukumbu za usajili wa wanafunzi, ulifuatilia wanafunzi zaidi ya 143,000 ambao vyuo vyao vilifungwa kati ya 2004 na 2020. Asilimia 70 walifungiwa ghafla. Walioweza kujisajili tena mahali popote hawakufika nusu. Wakaguzi na bodi walikuwapo miaka yote hiyo.

Ninachoomba ni kidogo kuliko mkutano wa hadhara. Siku chuo kinapowekwa chini ya uangalizi wa fedha, mambo mawili yatokee pamoja. Udahili wa wapya usimame, na kila aliyepo apewe barua yenye majina ya vyuo vilivyokubali kumpokea na krediti zitakazohesabiwa. Bila orodha hiyo, barua isitoke.

Mwanafunzi wa uuguzi

Hiyo barua ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini kwa walio ndani ya fununu leo, msisubiri sheria. Ombeni transkripti yenye muhuri sasa, nakala zaidi ya moja. Hifadhini pia maelezo ya kila somo, mada kwa mada, maana chuo kinachokupokea hakisomi jina la somo, kinasoma mlichofundishwa. Kitabu cha saa za vitendo hospitalini kipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, kiwe kimesainiwa. Mwalimu aliyekusainia akishahama, kumpata ni kazi.

Na msijiondoe kabla hamjahesabu zile siku 180.

Mhadhiri wa jioni

Na walimu nao: hati za mshahara, barua ya ajira, kumbukumbu za likizo, vyote vitoke kwenye barua pepe ya chuo viende kwenye yako binafsi. Ile ya chuo huzimwa siku hiyo hiyo.

Mleta mada, umenisogeza kidogo kwenye suala la orodha. Kwenye kusimamisha udahili bado sijasogea. Muhula ule wetu, waliosajiliwa wapya ndio waliolipa mishahara tuliyofundishia waliokuwa wanamaliza. Ungewazuia, darasa langu lisingehitimu. Niambie ungewaambia nini wale wa mwaka wa mwisho.

Mpita njia

Na wale wapya wangeambiwaje, mwalimu, kama mnunuzi asingetokea?