Chumba cha kupulizia rangi: hewa ya kukatiza au ya kushuka kutoka darini?

Fundi_Kabati: Ndugu mafundi, habari za kazi. Hadi sasa tumekuwa tukipulizia rangi nyuma ya turubai, na vumbi la msasa linatuharibia kazi iliyokwisha kamilika. Nimeletewa mapendekezo mawili ya chumba. Katika cha kwanza hewa huingia kupitia filta za mlangoni, hukatiza chumba na kuvutwa na feni iliyo ukuta wa nyuma. Katika cha pili hewa hushuka kutoka darini na kutoka kupitia wavu wa sakafuni. Cha pili ni ghali zaidi kwa mbali. Natakiwa kumjibu muuzaji kabla ya mwisho wa wiki. Mngechagua kipi?

Msasa120: Ndugu, hujatueleza unapulizia kitu gani, cha ukubwa gani, kwa rangi ipi, wala kimo cha dari yako. Bila hayo, kila atakayekujibu atakuwa anaieleza karakana yake mwenyewe.

Bodi_na_Bati: Mimi napaka magari, na sitarudi kamwe kwenye hewa ya kukatiza. Hewa inayoshuka huuondoa ukungu wa rangi usoni mwa fundi na kuupeleka chini kabla haujatua kwenye sehemu iliyopakwa tayari. Katika hewa ya kukatiza, ukungu wa boneti husafiri juu ya gari zima na kuacha mchanga mchanga kwenye buti. Jikaze ununue cha pili.

Fundi_Kabati: Samahani kwa upungufu huo. Ni samani, hasa kabati na milango ya urefu wa mita 2.4 ambayo tunaipaka ikiwa imesimama. Dari yetu ina mita 3.2. Jengo ni la kupanga, na mwenye jengo haruhusu sakafu ya zege ichimbwe.

Msasa120: Hapo umejijibu nusu. Pasipo shimo, chumba cha hewa ya kushuka huhitaji sakafu ya wavu iliyoinuliwa. Tuseme sakafu hiyo imekula mita 0.4 na kisanduku cha hewa cha darini kikala 0.5, utabakiwa na mita 2.3, na mlango wako hautasimama. Kwa chumba cha kukatiza chenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, eneo la kupitisha hewa ni mita 10 za mraba. Mwendo unaolengwa kwa kawaida ni karibu mita 0.5 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 5 kwa sekunde, au 18,000 kwa saa. Hewa yote hiyo lazima iwe na pa kuingilia, la sivyo feni itaivuta kutoka kwenye meza ya msumeno pamoja na vumbi lake. Na rangi ni ipi? Bado hujasema.

Laka_ya_Zamani: Nami nasisitiza swali hilo la rangi, kwa sababu lilinigharimu. Tulikuwa na chumba kizuri cha filta kavu. Asubuhi tulipulizia laka ya nitroselulosi, na jioni rangi ya hadena, yaani inayochanganywa na kigumishi ili igande, katika chumba kile kile na kwa filta zile zile. Siku moja tulizibadilisha filta zilizojaa, tukazikunja na kuzishindilia katika gunia, na gunia tukaliegemeza ukutani. Hakuna aliyewasha kiberiti wala kuvuta sigara. Mabaki ya rangi hizo mbili yalipochanganyika yalipata joto yenyewe ndani ya gunia, na usiku mlinzi akaona moshi. Tulipoteza dirisha, mbao za kazi ya mteja na ukuta mmoja, na nashukuru kwamba hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo filta chakavu huingia moja kwa moja katika pipa la chuma lenye maji na mfuniko, nalo hukaa nje ya jengo. Nasi hatuchanganyi tena aina hizo mbili kabla ya kusafisha chumba na kuweka filta mpya.

Pazia_la_Maji: Ndiyo maana mimi hupendekeza ukuta wa maji. Ukungu hunaswa na maji, na hakuna filta kavu za kushika moto.

Msasa120: Pampu hutaka matunzo, tope la rangi lazima liondolewe, na maji yale hayamwagwi mtaroni. Kwa karakana inayopulizia siku chache kwa wiki, mzigo huo ni mkubwa kuliko kubadilisha filta.

Pazia_la_Maji: Kwa anayepulizia kila siku hesabu hiyo hugeuka.

Fundi_Kabati: Tunatumia zote mbili: laka ya nitroselulosi kwa viti, poliyurethani ya hadena kwa kabati. Je, barakoa ya filta za mkaa inatosha?

Laka_ya_Zamani: Kwa hadena yenye isosayanati, kemikali inayoigandisha rangi, hapana. Huleta pumu ya kazini, na huwezi kutegemea pua ikuambie kwamba filta ya mkaa imechoka. Tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira, wala usiivue mara tu unapomaliza kupulizia, kwa kuwa ukungu mwembamba hubaki hewani bila kuonekana. Jaza chumba moshi wa majaribio, kisha upime muda unaochukua kutoweka, ujue usubiri kiasi gani kabla ya kuivua. Hakikisha pia kwamba mota ya feni na taa ni za aina isiyoweza kuwasha mvuke wa thina.

Bodi_na_Bati: Bado naamini angetafuta jengo lenye dari ndefu kuliko kununua chumba atakachokijutia.

Msasa120: Kuhama si jambo la kuamuliwa kabla ya mwisho wa wiki. Mwulize muuzaji kiasi cha hewa kinachopita filta zikiwa zimeanza kujaa, na kama chumba kina geji ya kuonyesha tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya filta.

Fundi_Kabati: Nimemwuliza. Amejibu kwamba 18,000 kwa saa aliyoiandika katika pendekezo lake ni ya feni peke yake, bila filta, na geji haimo katika bei. Nimemwomba takwimu za feni ikiwa na filta, na nimemweleza kwamba sitasaini chochote kabla ya kuziona.