Chevelle ya 1972, injini 350: nifunge vipi ili ihimili foleni ya Nyali?

Chuma_Tudor
Salaam ndugu zangu. Injini ni 350 (inchi za ujazo) ya Chevelle ya 1972, imefunguliwa yote. Silinda zimelika, lazima zichongwe inchi 0.030. Hedi ni za chuma za kiwandani, chemba cc 76. Gia ni otomatiki TH350, difu 3.08. Gari ni la kila siku, Nyali hadi mjini Mombasa, na Jumapili Mariakani. Nataka nguvu, lakini darajani saa nane mchana isichemke. Muuza spea amenipangia hedi za alumini za cc 64, kamshafti kubwa na kabureta ya 750. Nilipe?

Fundi_Makupa
Usilipe kitu kaka, piga hesabu ya kompresheni (mchanganyiko unabanwa mara ngapi) kwanza. Kipenyo inchi 4.030 na mwendo wa pistoni inchi 3.48 inakupa silinda ya cc 727. Chemba 64, gasketi 8.4, mifuko ya valvu kwenye pistoni 5, na cc 1 ya pistoni kubaki 0.005 chini ya uso wa bloku. Jumla ni 78.4; jumlisha 727, gawa kwa 78.4, ni kompresheni 10.3 kwa 1. Kwa Super ya kawaida na joto hili, itagonga (mchanganyiko kujiwasha wenyewe). Wanaosema "10.3 yakubali petroli ya 91" wanasoma pampu ya Marekani, ambako namba ni wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya oktani. Hiyo 91 yao ni kama 95 au 96 kwa RON tunayotumia sisi.

Hedi zako za 76 zinakupa 9.04 kwa 1. Baki nazo.

Lakini hata hiyo 9 inaweza kupatikana vibaya. Kiwandani pistoni huishia kama 0.025 chini ya uso wa bloku. Ukiweka gasketi ya 0.039, nafasi kati ya pistoni na hedi ni 0.064. Mchanganyiko wa pembeni hausukumwi katikati, unabaki kuwaka mwisho, na injini inagonga japo kompresheni ni ndogo. Uso wa bloku uparuzwe hadi pistoni ibaki 0.005, nafasi itakuwa 0.044, kama milimita 1.1. Fundi wa mashine afunge kwanza krenki, rodi na pistoni bila ringi, apime pembe zote nne za bloku, ndipo aparuze. Anayeparuza kwa kukisia mpe kazi nyingine.

Ukifunga: mwanya wa ringi ya juu 0.016, ya pili 0.018. Beringi za krenki na za rodi 0.0020 hadi 0.0025. Bolti za mein (za kushika krenki) futi-pauni 70, za rodi (3/8) 45, za hedi 65 kwa awamu tatu. Na hapa ndipo wengi huumbuka: bolti za hedi za 350 zinatokeza ndani ya njia za maji. Usipopaka silanti kwenye nyuzi, maji hupanda kwenye bolti, halafu gasketi mpya inalaumiwa bure.

Pwani_V8
Naunga mkono. Kabureta ya 750 ni ya nini? Zidisha 355 (ndio ukubwa wake ukishachonga) kwa mizunguko 5,500, gawa kwa 3,456, kisha chukua asilimia 85: unapata cfm 480 hivi (futi za ujazo za hewa kwa dakika). Ya 600 yatosha na itavuta vizuri zaidi chini, ambako difu ya 3.08 itakuweka muda wote. Kamshafti usivuke digrii 218/224 za kufungua valvu (kuingiza/kutoa) kwenye mwinuko wa inchi 0.050, na digrii 112 kati ya vitovu vya lobu (nundu zake). Ukizidisha, vakyumu (mvuto wa injini unaosaidia breki) inapungua na breki zinakuwa ngumu kwenye foleni.

Tena, usinakili jeti (vitundu vya petroli kwenye kabureta) wala taimingi (wakati wa cheche) ya gari la Nairobi. Kule ni mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na silinda haijai kama huku baharini. Injini isiyogonga kule inaweza kugonga hapa, na jeti zilizopunguzwa kule zitaifanya ikose petroli huku. Anza na taimingi jumla ya digrii 34, sikiliza ukipanda Mazeras.

Bi_Spana
Mmeisahau kamshafti yenyewe. Bloku ya 1972 ni ya tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na lobu, vyenye uso bapa). Tapeti za roli za kiwandani zilianza 1987, na za kufungwa kwenye bloku ya zamani ni ghali. Bapa si mbaya, ila zikifa, hufa dakika za kwanza. Paka grisi ya kamshafti, tumia oili yenye zinki ya kutosha, jaza kabureta petroli na weka taimingi ili iwake mara moja. Ikiwaka tu, panda mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, usiiache ingurume pole, kwani lobu hupata oili inayorushwa na krenki.

Kuhusu joto: kava la feni ni lazima, na feni iingie nusu tu ndani yake. Thamostati ya digrii 82 isitolewe. Ile chupa ya vakyumu kwenye distribyuta, inayowahisha cheche (advansi), irudishwe. Bila advansi taimingi huchelewa foleni, moto unaishia ekzosi na hedi zinapata joto. Na maji ya kisima, hapana! Yana chumvi, na manifoldi ya alumini italiwa mapema. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Chuma_Tudor
Ahsanteni. Hedi za alumini zitabaki dukani. Pampu ya oili nitie ile kubwa?

Fundi_Makupa
La, ya kawaida. Psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 inatosha, na pampu kubwa huelemea gia ya distribyuta ikalika. Mdomo wa kunyonyea uwe robo inchi hadi 3/8 kutoka chini ya sampu, pima gasketi ikiwemo, kisha uchomelewe kwenye pampu usije ukachomoka. Utoe springi ya pampu kabla ya kuchomelea, moto utaiharibu.